Wilbur Wright na Mzee Chanute: Shukrani Iliyochelewa

Maisha ya waliotutangulia yamejaa mazingatio kwa mwenye kutaka kuzingatia. Leo tumeona tusimulie habari za mtu ambaye kila apandaye ndege, awe ni haji anayekwenda Jeddah au kijana anayesafiri kwenda masomoni, ananufaika na kazi ya mikono yake. Mtu huyo ni Wilbur Wright wa Marekani, ambaye pamoja na mdogo wake Orville walikuwa wa kwanza kuruka kwa ndege yenye injini, iliyombeba mtu na kuongozwa naye.

Habari za ndege yao zimeandikwa sana. Sisi tunakusudia hasa kusimulia urafiki wa Wilbur na mzee mmoja aliyeitwa Octave Chanute. Urafiki huo ulidumu kwa miaka kumi na ukasaidia kumfikisha mwanadamu angani. Kisha ukaharibika, na ulipokaribia kutengenezwa, mauti yakatangulia. Hawakuwa watu waovu hawa. Wote wawili walikuwa wakweli, wachapa kazi na wenye heshima zao, na hilo ndilo linalotufanya tuone kwamba kisa chao kinatuhusu.

Malezi yake

Wilbur alizaliwa tarehe 16 Aprili 1867 karibu na kijiji cha Millville, katika jimbo la Indiana. Baba yake, Milton Wright, alikuwa askofu wa kanisa la Kiprotestanti, mtu wa msimamo mkali asiyeogopa kubaki peke yake katika jambo aliloliona kuwa ni la haki. Mama yake, Susan, alikuwa binti wa fundi wa magari ya farasi, naye alirithi mikono ya ufundi, akiwatengenezea wanawe vitu vya kuchezea na kurekebisha vyombo vya nyumbani kwa mikono yake mwenyewe. Nyumba yao ilikuwa na vitabu vingi, na watoto waliachwa wasome na kuuliza.

Mwaka 1878 baba alirudi kutoka safarini na kijidude cha kuchezea kilichozungushwa kwa mpira uliosokotwa. Alipokiachia, hakikuanguka bali kilipaa juu. Wilbur alikuwa na umri wa miaka 11, na Orville, aliyezaliwa mjini Dayton, Ohio, mwaka 1871, alikuwa wa miaka 7. Kijidude hicho kilivunjika, lakini hawakukisahau.

Wilbur alikuwa kijana hodari wa masomo, na ilitarajiwa kwamba angekwenda Chuo Kikuu cha Yale. Hata hivyo, katika majira ya baridi ya mwaka 1885 kuingia 1886, alipokuwa akicheza mpira wa magongo juu ya barafu, alipigwa gongo usoni na meno yake ya mbele yakavunjika. Afya yake ilidhoofu na moyo wake ukaingiwa na huzuni, mipango ya chuo ikaachwa. Kwa muda wa miaka mitatu hivi alikaa nyumbani akisoma vitabu vya baba yake na kumuuguza mama yake, aliyekuwa na kifua kikuu. Mama huyo alifariki dunia tarehe 4 Julai 1889. Baba alikiri kwamba ni huduma ya Wilbur iliyomwongezea mama yule siku za kuishi.

Katika miaka hiyo ndugu hao wawili walifungua kiwanda kidogo cha kupiga chapa, na mwaka 1892 wakafungua duka la baiskeli mjini Dayton. Walitengeneza za watu, kisha wakaunda za kwao. Wala tusiidharau biashara hiyo, kwani humo ndimo walimopata fedha za majaribio yao, na humo pia walipata fikra iliyowatofautisha na wenzao. Baiskeli haisimami yenyewe. Ni mpandaji anayeiweka sawa kila nukta, na akiacha kufanya hivyo huanguka. Wakati wavumbuzi wengi walikuwa wakitafuta ndege itakayotulia yenyewe hewani kama mashua katika maji shwari, Wilbur aliona kwamba jambo la kwanza ni mrukaji awe na uwezo wa kuiongoza.

Mwezi Agosti 1896 zilifika habari za kifo cha Otto Lilienthal, Mjerumani aliyekuwa akiteleza hewani kutoka vilimani kwa mabawa yasiyo na injini, ambaye alianguka na kuvunjika mgongo. Habari hiyo iliamsha upya shauku ya Wilbur. Tarehe 30 Mei 1899 aliiandikia Taasisi ya Smithsonian mjini Washington akiomba orodha ya maandiko yanayohusu urukaji. Miongoni mwa vitabu alivyoelekezwa kimoja kilichapishwa mwaka 1894, na mtungaji wake alikuwa Octave Chanute.

Mzee Chanute

Chanute alizaliwa Paris, Ufaransa, tarehe 18 Februari 1832, akapelekwa Marekani na baba yake angali mtoto mdogo. Hakusomea uhandisi chuoni. Aliingia katika kazi za reli kutoka chini kabisa na kujifunza kwa vitendo, mpaka akawa mmoja wa wahandisi mashuhuri wa nchi ile. Daraja la kwanza la kuuvuka mto Missouri katika mji wa Kansas City, lililofunguliwa mwaka 1869, lilijengwa chini ya usimamizi wake.

Alipozeeka na kutosheka kwa mali, aliigeukia shauku yake ya zamani, nayo ni urukaji. Aliandikiana na watu wa nchi nyingi waliokuwa wakijaribu kuruka, akakusanya habari zao na kuzisambaza kwa kila aliyezitaka. Miongoni mwao alikuwa Louis Mouillard, Mfaransa aliyeishi Misri, ambaye kwa miaka mingi aliwatazama tai wakielea juu ya Cairo bila kupiga mabawa. Mouillard alikuwa fukara, na Chanute alimsaidia kwa fedha na kumshughulikia maombi ya hataza huko Marekani, yaani hati ya serikali inayomhifadhia mvumbuzi haki ya uvumbuzi wake. Tunaomba msomaji alikumbuke jina hilo la Mouillard, maana litarudi.

Mwaka 1896, akiwa na umri wa miaka 64, Chanute alipiga kambi kwenye vilima vya mchanga kando ya Ziwa Michigan, akawasimamia vijana waliojaribu vyombo vyake vya kuteleza hewani. Chombo bora miongoni mwa hivyo kilikuwa na mabawa mawili, moja juu ya jingine, yaliyofungamanishwa kwa nguzo na nyaya za mshazari kama yafanywavyo madaraja. Ufungaji huo ndugu wa Wright waliufuata, na mtu yeyote akitazama picha za ndege yao ya kwanza ataona humo alama ya yule mjenzi wa madaraja.

Barua ya kwanza

Tarehe 13 Mei 1900 Wilbur alimwandikia Chanute barua yake ya kwanza. Wilbur alikuwa wa miaka 33, muuza baiskeli asiyejulikana nje ya mji wake, na Chanute alikuwa wa miaka 68, mtu wa jina kubwa. Barua hiyo ilieleza fikra zake kuhusu namna ya kuliweka chombo sawa hewani kwa kuzipinda ncha za mabawa kama ndege wa porini wafanyavyo. Kisha iliomba ushauri, hasa kuhusu mahali penye upepo wa kutosha. Chanute alijibu mara moja, kwa ukarimu na bila kiburi, na kuanzia siku hiyo mamia ya barua yalipita baina ya Dayton na Chicago.

Yafaa tuzitaje fadhila za mzee huyo moja baada ya nyingine, kwa sababu baadaye hesabu yake ndiyo iliyoleta mzozo. Alitoa habari na vitabu. Mwezi Juni 1901 alifunga safari mpaka Dayton kuwaona ndugu hao nyumbani kwao, na mwezi Agosti aliwafuata kambini kwao Kitty Hawk, pwani ya North Carolina, mahali pa mchanga, upepo na mbu. Mwaka huo chombo chao kilikataa kubeba uzito kama hesabu zilivyoahidi, na Wilbur alirudi nyumbani amekata tamaa, akisema kwamba mwanadamu hataruka katika zama zao. Chanute hakuiacha tamaa ile ife. Alimwalika Wilbur akazungumze mbele ya chama cha wahandisi mjini Chicago, na tarehe 18 Septemba 1901, baada ya kuhimizwa na dada yake Katharine, Wilbur alisimama mbele ya wasomi hao amevaa nguo nzuri za Orville na kueleza waliyoyaona. Hotuba ile ilichapishwa, na kwa mara ya kwanza jina lake likajulikana kwa wenye fani.

Kwa kuwa alishasema hadharani kwamba hesabu zilizozoeleka zina kasoro, ilimlazimu athibitishe. Miezi iliyofuata ndugu hao walitengeneza sanduku la upepo lenye urefu wa mita 1.8 hivi, wakapima humo maumbo ya mabawa yapatayo 200 yaliyokatwa katika vipande vidogo vya bati. Wakagundua kwamba kigezo cha kukokotoa nguvu ya hewa, kilichotumiwa tangu karne ya 18, kilikuwa kikubwa kupita kiasi. Chanute, aliyekuwa akipokea matokeo hayo kwa barua, alijitolea kumwomba tajiri Andrew Carnegie awape fedha. Wilbur alikataa kwa adabu. Hakutaka kazi yao iwe na mfadhili.

Jambo hilo twaliona dogo, lakini ndani yake ilikuwepo mbegu ya yaliyokuja baadaye. Chanute alikuwa mtu wa kugawa, naye aliamini kwamba elimu ya kuruka ni kama kisima cha kijiji, kila mmoja achote na kila mmoja atie. Wilbur naye alikuwa mtu wa kujitegemea aliyeamini kwamba mwenye kuchimba kisima kwa jembe lake ana haki ya kuuza maji. Hakuna kati ya fikra hizi iliyo haramu, wala hakuna kati ya wawili hawa aliyemweleza mwenziwe mapema kwamba mimi naliona hivi, je, wewe waonaje?

Ushindi na tetesi za Paris

Mwaka 1902 chombo chao kipya, kilichoundwa kwa hesabu zao wenyewe, kiliteleza hewani mamia ya mara na kutii amri za mrukaji katika kupanda, kugeuka na kulala ubavu. Chanute alikuwepo kambini. Mwezi Novemba 1903 alikwenda tena, akakuta baridi kali na injini yenye matatizo, na kwa umri wake hakuweza kusubiri. Aliondoka.

Tarehe 17 Desemba 1903, mbele ya mashahidi watano, Orville aliruka kwa sekunde 12 na kwenda mita zipatazo 36. Siku hiyo walipokezana, na mara ya nne Wilbur alikaa hewani sekunde 59 na kwenda mita 260. Injini yao ilikuwa na nguvu ya farasi 12 tu, nayo iliundwa na fundi wa dukani kwao, Charlie Taylor. Jioni ile Katharine alipopata habari alimpelekea Chanute telegramu. Siku tisa nyuma, ndege ya Samuel Langley, mkuu wa Taasisi ya Smithsonian, iliyogharimiwa na serikali kwa dola 50,000, ilikuwa imeanguka mtoni Washington. Ndugu wa Wright walitumia chini ya dola 1,000 za baiskeli zao.

Hata hivyo, miezi minane kabla ya ushindi huo, jambo jingine lilikuwa limetokea ng'ambo. Mwezi Aprili 1903 Chanute alizungumza mbele ya klabu ya warukaji wa Paris. Alisimulia majaribio ya Marekani, yake na ya ndugu wa Wright, kwa namna ambayo wasikilizaji walielewa kwamba vijana wale ni wanafunzi wake wanaotekeleza mafunzo yake. Sisi hatumtuhumu mzee kwamba alikusudia kuiba sifa. Aghalabu mtu mkarimu hujiona yumo katika kila jambo alilolisaidia, kama mlezi anavyosema huyu ni mwanangu. Lakini Wafaransa walishika maneno yale, wakaanza kuunda vyombo kwa mfano wa yale waliyosikia, na maneno hayo yalipofika Dayton yaliwachoma ndugu wawili waliokesha usiku mwingi wakipima vipande vya bati. Waliumia, lakini hawakumwambia wazi. Waliyameza.

Wahenga wetu wamesema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Twaona kwamba wema nao una daftari lake. Chanute aliandika katika daftari la moyo wake yote aliyotoa, na Wilbur akaandika katika lake yote aliyoyafanya peke yake. Madaftari mawili yakajaa kwa miaka, na hakuna siku waliyoyafungua pamoja mezani.

Miaka ya kuficha

Mwaka 1904 na 1905 walihamishia majaribio yao kwenye uwanja wa malisho karibu na Dayton. Tarehe 5 Oktoba 1905 Wilbur alizunguka juu ya uwanja huo kwa dakika 39, mwendo wa kilomita zipatazo 39. Hapo walikuwa na ndege ya kweli. Kisha, kwa mshangao wa rafiki yao, wakaifungia ndani na hawakuruka tena kwa zaidi ya miaka miwili. Walihofia kuigwa kabla ya kuwa na mkataba wa mauzo mkononi, ijapokuwa hataza yao ilitolewa tarehe 22 Mei 1906.

Chanute aliwashauri wapunguze bei na waionyeshe ndege yao hadharani, akiwatahadharisha kwamba wengine wako njiani. Mwezi Oktoba 1906 Wilbur alimwandikia kwamba haoni uwezekano wa mtu mwingine kuunda ndege ya kufaa ndani ya miaka mitano. Mwezi huo huo Alberto Santos-Dumont, Mbrazili aliyeishi Paris, aliruka mita 60 hivi mbele ya umati, na mwezi uliofuata akaruka mita 220. Ulaya ikampokea kama mtu wa kwanza kuruka, na ndugu wa Wright wakaitwa waongo.

Jibu la Wilbur lilikuja tarehe 8 Agosti 1908 katika uwanja wa mbio za farasi karibu na Le Mans, Ufaransa. Alikuwa amekaa wiki nyingi akiunganisha ndege yake katika kiwanda alichoazimwa na Léon Bollée, mwunda magari, akiwa na majeraha ya kuunguzwa na maji ya moto ya injini, na magazeti yakimcheka. Jioni ile aliruka chini ya dakika mbili tu, lakini aligeuka hewani kwa ulaini ambao haujapata kuonekana Ulaya. Louis Blériot na wenziwe walikuwa miongoni mwa watazamaji, nao walikiri hadharani kwamba wao bado ni wanafunzi. Wapinzani hao walionyesha insafu adhimu, kwani si rahisi mtu kusema mbele ya watu kwamba amepitwa. Mwaka uliofuata, tarehe 25 Julai 1909, Blériot huyo huyo alikuwa wa kwanza kuvuka mlango wa bahari kati ya Ufaransa na Uingereza kwa ndege.

Huko Marekani mambo yalichanganyika na msiba. Tarehe 17 Septemba 1908 ndege ya Orville ilianguka Fort Myer. Orville alivunjika mguu na mbavu, na abiria wake, Luteni Thomas Selfridge, akafariki. Selfridge alikuwa mwanachama wa kundi la washindani wao, ambamo alikuwemo pia Glenn Curtiss, muunda pikipiki hodari, na hivyo mtu wa kwanza kufa katika ajali ya ndege yenye injini alikufa ndani ya ndege ya washindani wake.

Ugomvi

Mwezi Agosti 1909 ndugu wa Wright walimshitaki Curtiss. Yeye alitumia vibawa vidogo vyenye bawaba badala ya kupinda bawa zima, lakini wao walidai kwamba kanuni ni ile ile. Mwanzoni mwa Januari 1910 jaji wa Buffalo alitoa amri ya zuio dhidi yake.

Kesi hizo zilimhuzunisha sana Chanute, kwani aliona kisima cha kijiji kinafungwa kufuli. Gazeti la New York lilichapisha maoni yake kwamba fikra ya kupinda mabawa haikuwa ngeni, na kwamba Mouillard wa Cairo na wengine walikuwa nayo kabla. Wilbur aliposoma hayo alimwandikia akidai maelezo. Chanute akajibu kwa ukali ambao hakuwahi kuutumia, akimwambia kwamba tamaa ya utajiri mkubwa imeipotosha hukumu yake iliyokuwa njema. Kisha akaongeza lile lililomuuma zaidi. Katika hotuba aliyoitoa Boston, Wilbur alikuwa amesimulia kwamba Chanute alitokea tu dukani kwao mwaka 1901, kana kwamba alijipenyeza. Hakutaja kwamba ni yeye Wilbur aliyeandika kwanza, mwaka 1900, kuomba msaada, na kwamba alipewa kwa moyo mkunjufu.

Wilbur alijibu kwa barua ndefu. Alieleza kwamba kwa miaka mingi wao pia walikuwa na kidonda, nacho ni kuonekana duniani kuwa wanafunzi na wategemezi wake. Akasema kwamba hawataki kugombana na mtu wanayepaswa kumshukuru, na kwamba wako tayari kufanya sehemu yao ili mambo yawekwe sawa. Chanute hakujibu. Januari ikapita, ikapita Februari, ikapita Machi.

Sasa, wasomaji wetu, tukihukumu kwa insafu, nani mwenye haki? Kwa upande wa elimu, Wilbur alikuwa sahihi. Mfumo wa kuiongoza ndege ulikuwa wao, na Chanute hakuwahi kuwa mwalimu wake katika jambo hilo. Alichokieleza Mouillard hakikuwa mfumo kamili, na mahakama ya rufaa iliithibitisha hataza ya ndugu hao mwaka 1914. Lakini kwa upande wa fadhila, Chanute naye alikuwa sahihi. Mlango wa Chicago aliufungua yeye, tamaa iliyokufa mwaka 1901 aliihuisha yeye, na haikuwa haki historia hiyo ifupishwe mpaka mfadhili aonekane mgeni asiyealikwa. Usisahau ubaharia kwa sababu ya unahodha, walisema wazee wetu. Basi kila mmoja alikuwa na haki yake, na kila mmoja alikuwa ameshika ile ya kwake na kuisahau ya mwenziwe.

Barua ya mwisho

Tarehe 28 Aprili 1910 Wilbur alifanya jambo ambalo sisi twalihesabu kuwa kubwa katika maisha yake, ingawa halikushangiliwa na umati. Hakungoja kujibiwa. Alichukua kalamu akaandika tena, akieleza kwamba lengo la barua yake ya ukali lilikuwa kuondoa kinyongo na si kukizidisha. Alisema kwamba yeye na nduguye si watu wa marafiki wengi, na wakimpata rafiki hawamwachi kirahisi. Alitamani hali ya kutoelewana ifunguliwe kwa mazungumzo ya wazi.

Katikati ya mwezi Mei Chanute alijibu. Alifurahi kuipata barua hiyo. Alieleza kwamba afya yake ni mbaya na kwamba yu tayari kusafiri kwenda Ulaya, na akatumaini kwamba atakaporudi wataurejesha uhusiano wao wa zamani.

Huko Ulaya maradhi yalimzidi. Alirudishwa Chicago akiwa hoi, na tarehe 23 Novemba 1910 akafariki dunia akiwa na umri wa miaka 78. Mazungumzo waliyoahidiana hayakufanyika. Wilbur alipanda treni kwenda Chicago kuhudhuria mazishi ya rafiki yake. Mwezi Januari 1911 aliandika makala ya kumkumbuka katika jarida la urukaji. Humo alisema kwamba bila kazi ya Chanute historia ya maendeleo ya urukaji ingekuwa tofauti kabisa, na akamsifu kwa subira, kwa wema wa moyo na kwa kutomdharau mtu yeyote aliyemwendea. Maneno hayo ndiyo aliyokuwa akiyangojea mzee yule tangu Boston. Yaliandikwa kwa ukamilifu na kuchapishwa kwa wino mzuri, miezi miwili baada ya mwenyewe kuwa kaburini.

Wilbur mwenyewe hakubakiwa na siku nyingi. Muda wake uliishia katika mahakama na ofisi za mawakili, na akawa haruki ila kwa nadra. Tarehe 25 Mei 1910 aliruka pamoja na Orville katika ndege moja, mara ya pekee maishani mwao, kwani siku zote walichelea wasife wote wawili na kazi ikakatika. Mwaka 1912 alishikwa na homa ya matumbo, akafariki tarehe 30 Mei, akiwa na umri wa miaka 45. Ilikuwa imetimia miaka 13 kamili tangu siku aliyoiandikia Smithsonian. Hakuoa wala hakuacha mtoto. Ama ule ugomvi na Curtiss, mwaka 1917 vita vililazimisha wenye hataza wote waziweke katika mfuko mmoja, na mwaka 1929 kampuni zilizobeba majina ya mahasimu hao ziliunganishwa kuwa moja, Curtiss-Wright.

Mazingatio

Katika nyumba zetu na maduka yetu, ni mara ngapi ndugu wawili huanza biashara kwa mapenzi, mmoja akatoa mtaji na mwingine jasho, bila ya kuandikiana wala kuambiana nani anategemea nini? Mara ngapi mjomba humsomesha kijana, na kijana akishafaulu husimulia habari zake kana kwamba alijisomesha mwenyewe? Na mara ngapi mjomba huyo naye hudai kila mafanikio ya kijana kuwa ni ya kwake? Hapo husuda haijaingia bado, wala uongo. Imeingia hesabu isiyosemwa, nayo ikikaa kimya huoza.

Basi tuwekeane wazi mambo yetu mapema, angali moyo mweupe. Anayetudai shukrani tumlipe angali anasikia, na mbele ya wale wale waliosikia tukimsahau. Na tukiwa na barua, au siku hizi ujumbe wa simu, unaongoja jibu letu kutoka kwa tuliyegombana naye, tusingoje turudi kutoka safarini. Mzee Chanute alikusudia kheri alipoahidi mazungumzo baada ya safari. Wilbur naye alikusudia kheri alipoandika. Kheri zote mbili zilikuwa njiani, zikakuta mwenye nyumba ameshaondoka.